Vijana wachunguze pengo la kipato mtaani kwao: mwongozo kamili kwa mlezi wa kikundi

Wengi mnaoniandikia mmekwama mahali pamoja. Vijana wamefundishwa siku mbili, wamepewa dodoso lililochapwa ofisini, wamezunguka juani wiki nzima, na sasa rundo la karatasi limelala chini ya meza. Kwenye swali la kipato nusu ya majibu ni "sijui" au "inategemea". Vijana wenyewe wameshaacha kuja.

Nimekaa na vikundi vya aina hii Dar es Salaam kwa miaka kadhaa. Kila niliporudi nyuma kutafuta kazi ilipoharibikia, niliishia kwenye ukurasa uleule wa maswali. Yaliandikwa na mtu mzima kabla kijana wa kwanza hajaketi kwenye kiti.

Mwongozo huu ni kwa mlezi mwenye kikundi cha vijana 12 wa miaka 18 hadi 25 katika kata kama Manzese, Vingunguti au Keko, watakaochunguza wenyewe nani mtaani anapata nini na analipa nini. Kazi inachukua siku 20, zilizosambazwa ndani ya wiki 10. Ukiwa Mombasa au Kisumu utabadilisha majina ya ofisi, hatua zitabaki hizihizi.

## Andaa hivi kwanza

- Mahali pa kukutania panapofikika kwa miguu. Usitumie ofisi ya serikali ya mtaa. Vijana hawawezi kuzungumzia michango na ushuru huku anayekusanya yupo chumba cha pili.
- Kaunta buku moja kwa kila kijana, kalamu na penseli.
- Karatasi za manila, maka peni, kamba ndefu na vibanio vya nguo.
- Kadi 100 za manila zilizokatwa ukubwa wa kiganja.
- Mizani ndogo ya dukani na chupa ya lita moja. Hivi viwili watu hunishangaa nikivitaja, lakini bila hivyo hatua ya 3 haiendi.
- Vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, vyenye picha na jina la kikundi.
- Simu 6 za Android zenye KoboCollect, programu ya kujazia dodoso, kama mnazo. Ni ya bure, inafanya kazi bila bando na hutuma majibu simu ikipata mtandao. Kama hamnazo, karatasi inatosha kabisa kwa kaya 80.
- Fedha.

Hesabu ya fedha ifanywe mbele ya vijana wote na ibandikwe ukutani. Mfano wangu: posho 10,000 na nauli 2,000 kwa siku, mara siku 20, mara vijana 12, ni shilingi 2,880,000. Chai na chakula cha mchana 4,000 kwa kila mmoja, 960,000. Uchapaji, bando na manila, 300,000. Jumla 4,140,000. Kama huna kiasi hicho, punguza kaya na siku. Posho usiiguse.

Posho ilipwe jioni ya kila siku ya kazi. Kijana anayepiga deiwaka au kumsaidia fundi akija kwako amepoteza chakula cha siku hiyo. Usipomlipa ataondoka kimyakimya, watabaki wale ambao wazazi wanawalisha, na utafiti wako wa pengo la kipato utakuwa umefanywa na walio upande mmoja tu wa pengo lenyewe.

## Hatua ya 1: Wapate vijana wanaofaa

Usimwombe mwenyekiti akuletee majina. Atakuletea wale anaowafahamu, mara nyingi wenye cheti cha kidato cha nne na Kiswahili cha mkutanoni. Tangaza mwenyewe kwenye kijiwe cha bodaboda, saluni, bombani, kwa mama lishe na kwenye uwanja wa mpira.

Kila anayekuja muulize swali moja: "Wiki iliyopita hela ulizitoa wapi?" Majibu yakufanyie uchaguzi. Unahitaji nusu wawe wasichana, wawemo wasiomaliza shule, awemo angalau mama mmoja kijana, na kama inawezekana kijana mwenye ulemavu. Changanya pia wapangaji na wanaoishi kwao, maana hawa hawauoni mtaa kwa jicho moja.

Walio chini ya miaka 18 ni watoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Wanaweza kushiriki kwenye mijadala kwa idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi, lakini mimi siwapeleki kuhoji nyumba kwa nyumba.

Utajua umepata mchanganyiko mzuri pale siku ya kwanza mmoja atakaposema mbele ya wenzake kwamba amekuja kwa miguu kwa kukosa nauli, na asionekane kituko.

## Hatua ya 2: Barua

Vijana wenyewe wapeleke barua, wawili wawili, wewe usiende nao. Waanze kwa mtendaji wa kata, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri ili imfikie afisa maendeleo ya jamii. Wajumbe wa mashina wapewe taarifa kwa mdomo. Barua isizidi ukurasa mmoja: kikundi ni nani, kitauliza nini, lini, na matokeo yatarudishwa wapi. Nakala iliyogongwa mhuri itembee na kila jozi.

Kama kuna chuo au mtafiti wa kigeni ndani ya kazi hii, ulizeni Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kuhusu kibali mapema, kabla hata ya kutafuta vijana. Kama mnakusudia kuchapisha namba zitakazosomwa nje ya kata, zungumzeni na ofisi ya mkoa ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) kabla ya kwenda uwanjani, na popote pale msiziite takwimu rasmi. Someni pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Njia rahisi ya kuiheshimu ni kutochukua msichokihitaji. Jina kamili, namba ya NIDA na namba ya simu haviingii kwenye dodoso.

Msiende uwanjani wakati wa kampeni za uchaguzi. Hakuna maelezo yatakayowaaminisha watu kwamba hamkutumwa.

## Hatua ya 3: Swali liwe la vijana

Hapa usiharakishe. Nimetenga siku tano kati ya 20 kwa hatua hii na inayofuata, na mlezi anayezipunguza huja kuzilipa mwishoni.

Anza na daftari la siku saba. Kila kijana aandike kila shilingi iliyoingia na iliyotoka mkononi mwake: vocha, nauli, maandazi, choo cha kulipia, mchango wa msiba. Sababu ni mbili. Atajifunza jinsi ilivyo kazi kukumbuka matumizi, kwa hiyo hatamdharau mama atakayesahau. Na ataona fedha yake ilivyokatika vipande vidogo.

Wiki ikiisha, tundikeni kurasa kwenye kamba kwa vibanio, bila majina. Wapite wakisoma kimya. Kisha watume madukani wawili wawili, kila jozi ikanunue kitu kama kinunuliwavyo nyumbani: sukari robo, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, sabuni ya kipande. Wakirudi, mizani ipo mezani. Pimeni. Gawanyeni bei kwa uzito mjue kilo moja au lita moja imewagharimu kiasi gani, kisha mlinganishe na bei ya anayenunua dumu zima au gunia.

Kwenye kikundi kimoja, msichana anayekaanga maandazi alisimama na maka peni akaandika ukutani: *ndoo lita 20, shilingi 100*. Chini yake akaandika: *ndoo 50 = lita 1,000*. Lita 1,000 ndiyo uniti moja kwenye bili ya maji. Akazidisha. Kwao uniti moja ni shilingi 5,000. Kijana aliyekaa karibu na dirisha akasema shangazi yake ana bomba lenye mita, akampigia simu amsomee bili. Ilikuwa chini ya nusu ya hapo. Chumba kilinyamaza kidogo, halafu wote wakaanza kuongea kwa pamoja, na katika kelele zile mmoja akauliza: "Kwa hiyo anayenunua kidogo ndiye anayelipa zaidi?"

Hilo ndilo likawa swali la utafiti. Lingekuwa langu, ningeandika kitu kama "viwango vya usawa wa kiuchumi katika kaya" na hakuna ambaye angelitolea jasho. Wakazi wa Mukuru, Nairobi, walilifuatilia jambo la namna hiyohiyo pamoja na vyuo vikuu, bei za maji na umeme kwa wanaoishi kwenye vibanda, kabla eneo lao halijatangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017. Waelezeni vijana habari hiyo baada ya kupata swali lao. Ukiwaeleza kabla, watalinakili.

Kutoka kwenye swali kuu, watoe maswali madogo yasiyozidi matatu. Kwa mfano: nani mtaani ananunua kidogo kidogo na kwa sababu gani, anayekosa hela ya leo anaikopa wapi na kwa gharama gani, kodi ya chumba inamlazimisha mtu afanye nini.

Tahadhari. Maka peni isikae mkononi mwako. Ukiishika wewe, macho yote yanakugeukia na vijana wanaanza kukisia jibu unalolitaka. Na kama mfadhili ana swali lake, lije kama pendekezo moja kati ya mengi, lipigiwe kura na mengine. Nimewahi kuruhusu la mfadhili lipite bila kura. Vijana waliliuliza kwa adabu mlango hadi mlango, na siku ya kusoma majibu hakuna aliyelikumbuka.

Mmefaulu hatua hii kama kijana yeyote kati ya 12, ukimshtukiza barabarani, anaweza kukuambia swali la utafiti kwa maneno yake na kwa nini yeye binafsi anataka kulijua jibu.

## Hatua ya 4: Dodoso lisilouliza mshahara

Msimuulize mtu kipato chake cha mwezi. Mama lishe mmoja alimjibu kijana wetu: "Mwanangu, mimi sina mwezi, nina siku." Tangu hapo tunauliza siku na wiki. Matumizi husema kweli kuliko mapato, kwa sababu mtu anakumbuka alichonunua kuliko alichopata, na hana sababu kubwa ya kukificha.

Maswali yasizidi 15. Haya ni baadhi ambayo yamewahi kunifaa:

- Tangu jana, ni wangapi hapa waliokula chungu kimoja?
- Jana maji mlichota wapi, ndoo ngapi, ndoo moja shilingi ngapi?
- Mara ya mwisho mlinunua mkaa au gesi lini, kipimo gani, bei gani?
- Wiki iliyopita mlitumia kiasi gani kwa chakula, maji, nishati na nauli? (Uliza kimoja kimoja, jumlisha baadaye.)
- Wiki iliyopita siku ngumu kuliko zote ilikuwa ipi? Mlifanyaje?
- Kodi mnalipa ya miezi mingapi kwa mpigo? Ile ya mwisho fedha zilitoka wapi?
- Ndani ya siku 30 zilizopita kuna aliyekopa? Kwenye kikoba, dukani kwa daftari, kwenye simu, kwa ndugu, au kausha damu? Alichukua ngapi, anarudisha ngapi, kwa muda gani?

Swali la mkopo litamkwe kwa majina hayohayo ya mtaani, hata kausha damu, yaani mkopo wa haraka wenye riba kubwa. Ukiuliza "huduma za kifedha" utaambiwa hakuna aliyekopa, na jirani yake amechukuliwa televisheni juzi kwa deni.

Lijaribuni kwa kaya 10 kwenye mtaa ambao hamtaufanyia utafiti. Kila mahojiano yapimwe muda. Yakizidi dakika 25, futeni maswali. Swali likihitaji kufafanuliwa mara mbili, liandikwe upya hapohapo na kijana aliyeliuliza.

## Hatua ya 5: Chagua kaya, usichague nyumba

Kosa hili limeharibu kazi nyingi nzuri, tena bila mtu kugundua.

Mitaani kwetu nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na korido katikati inaweza kuwa na kaya sita, kila moja na jiko lake mlangoni. Nyumba ya jirani yenye geti ina familia moja. Ukisema "kila nyumba ya sita," kaya zile sita zilizobanana chini ya paa moja zinapewa nafasi moja, sawa na ile ya getini. Matokeo yataonyesha mtaa wenye nafuu kuliko ulivyo.

Kwa hiyo hesabuni kaya. Jozi sita za vijana zipite siku mbili, zikiandika namba ya kibao cha anwani ya makazi kilichopo ukutani na idadi ya vyungu vilivyomo ndani, maana wanaokula chungu kimoja ndio kaya moja. Tuseme mmepata kaya 1,440 na mnataka 80. Gawanyeni: 1,440 kwa 80 ni 18. Andikeni namba 1 hadi 18 kwenye vikaratasi, kijana mmoja achomoe kimoja. Ikitoka 7, mnaanza na kaya ya 7, kisha ya 25, ya 43, hadi mwisho wa orodha.

Kaya isipokutwa, rudini mara tatu kwa saa tofauti, mojawapo jioni au Jumapili. Msihamie kwa jirani kwa sababu tu yupo. Anayekutwa nyumbani saa nne asubuhi kila siku haishi maisha sawa na anayetoka alfajiri kwenda kutafuta kibarua.

Wekeni orodha hiyo kwenye daftari moja linalofungiwa kabatini. Dodoso libebe namba ya kaya pekee.

## Hatua ya 6: Mlangoni

Jozi ziende msichana na mvulana pale inapowezekana, mmoja anauliza, mwingine anaandika. Jozi sita zikifanya mahojiano matatu kwa siku mnapata 18, kwa hiyo siku tano zinatosha kaya 80 pamoja na kurudia. Hakuna anayebaki uwanjani baada ya saa 12 jioni, na hakuna anayeingia ndani chumbani. Kibarazani panatosha, ilimradi jirani asisikie.

Maneno ya kuanzia yafanyiwe mazoezi mpaka yatoke bila kusomwa:

"Hodi wenyewe. Shikamoo mama. Sisi ni vijana wa hapahapa mtaani, tunachunguza gharama za maisha. Hatuandikishi TASAF, hatuandikishi mikopo ya halmashauri, na hakuna utakachopata leo kwa kutujibu. Jina lako hatuandiki. Swali usilolipenda unaliruka, na ukichoka unatuambia tunaondoka. Je, tuendelee?"

Sentensi ya TASAF, yaani mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na mikopo msiiruke kamwe. Asiyeambiwa hivyo atajieleza kwa namna itakayomwezesha kuandikishwa, na hana kosa. Baadaye akisubiri msaada usiokuja, kijana wenu ndiye atakayekutana naye sokoni kila siku.

Wafundisheni mapema nini cha kufanya wakikutana na jambo zito. Mtoto anayepigwa au anayefanyishwa kazi: namba ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116. Mama anayepigwa: dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi, au afisa ustawi wa jamii, kwa ridhaa yake mwenyewe. Nyumba isiyo na chakula: kijana asitoe hela yake mfukoni, maana hatafika nyumba ya tatu. Amwambie mlezi jioni.

Kila jioni mkae dakika 40 kabla ya posho. Kila jozi iseme mlango mmoja uliowagusa. Wapo waliolia kwenye vikao hivi, na ni vema wakalia pale kuliko kwenda nalo nyumbani. Papo hapo jozi zibadilishane karatasi na kutafuta makosa: tarakimu zisizosomeka, ndoo 200 kwa siku moja, mtu anayelipa kodi shilingi 300. Kosa la leo linarekebishika kesho.

## Hatua ya 7: Someni majibu sakafuni

Walezi wengi hapa hukabidhi kazi kwa mtu wa kompyuta. Msifanye hivyo mpaka vijana wameyashika majibu kwa mikono yao.

Kila kaya ipewe kadi moja ya manila. Chukueni matumizi ya wiki ya chakula, maji, nishati na nauli, gawanyeni kwa watu wanaokula chungu kimoja, andikeni namba hiyo katikati ya kadi kwa maandishi makubwa. Chini yake bei ya lita 1,000 za maji. Pembeni doa jekundu kama wana mkopo wa kausha damu, doa la bluu kama ni wapangaji.

Sasa zipangeni chini kwa mstari mmoja, ndogo kushoto hadi kubwa kulia, mkizibana kwa vijiwe zisipeperuke. Kadi 80 zinajaza baraza. Vijana wapite kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusema. Mara nyingi madoa mekundu yanaonekana yalikojikusanya kabla mtu hajahesabu lolote.

Halafu hesabuni mambo matatu.

Kwanza, katikati ni wapi? Ni kati ya kadi ya 40 na ya 41. Msitumie wastani peke yake. Chukueni watu watano waliotumia 4,000, 5,000, 6,000, 7,000 na 48,000. Wastani wao ni 14,000, na hakuna hata mmoja anayeishi karibu na namba hiyo. Wa katikati ana 6,000. Mfano huu uandikwe ukutani ubaki pale.

Pili, pengo. Gawanyeni mstari mafungu matano ya kadi 16. Jumlisheni fungu la kwanza na la mwisho. Tuseme la kwanza ni 144,000 na la mwisho ni 1,008,000: waliopo mwisho wanatumia mara saba.

Tatu, na hili ndilo lililowaleta: bei ya maji kwenye fungu la kwanza dhidi ya la mwisho, kisha mkaa, kisha mikopo. Anayelipa zaidi ni yupi?

Jibu linaweza kuwakatalia. Kuna kikundi kiliamini wapangaji ndio walio chini kabisa, na kadi zikaonyesha vikongwe wenye nyumba zao za urithi, wasio na mpangaji wala mtoto wa kuwatumia hela. Vijana walitaka kuzipanga upya. Tulikaa nalo mchana mzima. Mwisho waliandika kama lilivyo, na ndilo jambo lililosikilizwa zaidi walipolirudisha.

Semeni "kaya 52 kati ya 80." Asilimia kwa kaya chache hivyo hufanya namba ionekane nzito kuliko ilivyo, tena mkutanoni watu wengi wanaelewa 52 kati ya 80 upesi zaidi. Na mnachokiona ni cha mitaa yenu tu. Utafiti wa taifa wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wakiishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Msilinganishe kadi zenu na namba hiyo, kwa kuwa walipima kwa kipimo kingine.

## Hatua ya 8: Rudisheni, kwa uangalifu

Kabla ya mkutano wowote, pitieni kila sentensi mkijiuliza: mtu wa mtaa huu akiisikia, atamjua nani anasemwa? Kikundi kimoja nilichokilea kiliandika kuhusu nyumba ya ghorofa inayodai kodi ya mwaka mzima. Mtaani kulikuwa na ghorofa moja. Mwenye nyumba alijitambua, akamwendea mpangaji aliyedhani ndiye aliyesema, na yule mama alihama mwezi uliofuata. Hatukuwa tumeandika jina la mtu. Nilipaswa kuliona, sikuliona, na tangu hapo sentensi yoyote inayohusu kaya chini ya tano haitoki nje ya chumba chetu.

Warudishieni kwanza waliojibu. Kikao kidogo uani, kwa wanawake na wanaume kwa nyakati wanazozitaja wao, kadi zikiwa kwenye kamba. Waulizwe: tumekosea wapi? Marekebisho yao yaandikwe.

Baada ya hapo ndipo mkutano wa mtaa. Wazungumze vijana wawili, dakika 15, na mlezi akae nyuma kabisa. Kila ombi lielekezwe kwa mwenye uwezo wa kulijibu. La bei ya maji liende kwa mamlaka ya maji na kwa mwenyekiti. La kausha damu liende kwa afisa maendeleo ya jamii, likiulizwa pamoja na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inatakiwa kuikopesha bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu: kwenye mtaa huu, ni vikundi vingapi vimeipata? Ombi linaloelekezwa kwa "serikali" halina anayelipokea.

Kabla watu hawajatawanyika, vijana waombe lililoahidiwa liingie kwenye muhtasari na lisomwe kwa sauti. Nakala mbili zibaki kwa vijana wawili wasioishi nyumba moja. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kaunta buku waandike safu nne: kilichoahidiwa, cheo cha aliyeahidi, tarehe, na kijana atakayekwenda kuuliza. Siku ya 20 ya posho muitunze kwa ajili ya safari hiyo.